Zahanati imepakwa rangi, muuguzi hayupo: nianzie wapi?

*Shikamoo Bi Mshauri,*

*Nina miaka 29, ni fundi cherehani, naishi kijijini kwetu huku bara ya Kaunti ya Kilifi. Juni 2024 nilikuwa Mombasa, nikawa mmoja wa vijana waliotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Nilivuta moshi wa vitoa machozi nikarudi nyumbani salama. Mswada ulipoondolewa nilijiambia, kumbe tukisema tunasikika. Baadaye nikarudi kwetu kumwangalia mama, na ari ile nikaja nayo.*

*Huku tuna zahanati. Ilijengwa, ikapakwa rangi, ikaandikwa jina ukutani, kisha ikatiwa kufuli. Muuguzi hakuna, dawa hakuna. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye bodaboda. Tena barabara ni mashimo, polisi wanawakamua vijana wa bodaboda, na basari hatujui anayegawa ni nani.*

*Niliposikia kuna kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti nilifunga kibanda nikaenda. Ilikuwa Mei. Maafisa walichelewa mno, wakatusomea karatasi kwa Kiingereza, tukapewa soda na mia mbili ya nauli, tukatia sahihi. Nilipoinua mkono kuuliza habari za zahanati, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu naye ashaanza kutafuta uwakilishi wadi!" Watu wakacheka. Nikakaa.*

*Jingine ni kwamba mwakilishi wetu wa wadi ni baba yangu mdogo, binamu ya marehemu baba. Tulipomzika baba alisimama nasi. Mama anasema nikimsema hadharani nitakuwa nimevunja ukoo, na kwamba siasa si ya mtoto wa kike asiye na mume.*

*Nifanyeje? Nijiunge na chama? Nisimame 2027? Au ninyamaze nishone nguo zangu?*

*Fundi, Kilifi*

Marahaba, mwanangu. Cherehani usiiache. Haya nitakayokueleza yanataka nauli ya kwenda Kilifi mjini, na Malindi liliko bunge la kaunti, na ni vyema itoke mfukoni mwako.

Mzee aliyekucheka asikushughulishe sana. Hata angenyamaza, swali lako lisingefika mbali siku ile, kwa sababu ulilileta Mei. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti ya kaunti huanza kutengenezwa karibu mwaka mzima kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ifikishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Humo ndimo miradi inamotajwa kwa jina na kwa mahali. Kufikia tarehe 28 Februari, hazina ya kaunti huwa imepeleka hati ya pili, ya mkakati wa fedha, inayogawa viwango: afya wapewe kiasi hiki, maji kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, ndipo kamati ya bajeti inapowazungukia nyinyi wananchi, na kabla ya Juni kuisha yanatakiwa yawe yamepitishwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuambiwa ulipokuwa ukinywa soda. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinalizuia bunge la kaunti kuongeza au kupunguza kiwango cha idara yoyote kwa zaidi ya asilimia 1 ya kile kilichowekwa. Asilimia moja! Ulipofika Mei, pilau lilikuwa limeshapakuliwa na wewe ukaombwa uonje kama chumvi imekolea.

Kwa hiyo tia alama kalenda yako upya. Julai na Agosti ndipo mpango wa mwaka unapoandikwa, na hapo ndipo jina la kijiji chenu linapoingia au kuachwa. Januari na Februari ndipo viwango vinapogawanywa, na sheria inailazimu hazina ya kaunti itafute maoni ya umma inapoandaa hati ile ya Februari. Vikao vya misimu hiyo havina watu wengi. Havitangazwi kwa mbwembwe, na wakati mwingine tangazo hubandikwa kwenye ubao mahali asipopita mtu. Mwulize msimamizi wa wadi yenu tarehe mapema, umwulize tena, na ukipata namba ya simu ya ofisi ya bajeti ya kaunti iweke.

Nije kwenye zahanati yenyewe, maana ndiyo iliyokufanya uandike.

Unashangaa kaunti iliwezaje kupata pesa za matofali, mabati na rangi, ikakosa za mtu mmoja mwenye sare. Mimi sishangai. Bajeti ya kaunti ina mifuko miwili: wa maendeleo na wa matumizi ya kawaida. Jengo ni la maendeleo. Mshahara wa muuguzi na dawa ni matumizi ya kawaida. Sheria inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni zinaitaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yake, kiwango ambacho kaunti nyingi huhangaika nacho. Ukijumlisha hayo utaona kwamba kujenga ni rahisi kuliko kuajiri. Tena jengo lina utepe wa kukatwa na picha ya kupigwa. Muuguzi hana utepe. Na sisi wananchi tumesaidia kosa hili kukua. Kaa kikao chochote cha wadi usikilize watu wanaomba nini: darasa la chekechea, ukumbi wa kijamii, choo cha soko, zahanati nyingine. Ni nadra mno kumsikia mtu akisimama kuomba nafasi ya kazi ya muuguzi. Halafu tunarudi nyumbani tukalaumu kufuli.

Wewe usiombe chochote cha kujengwa. Uliza maswali matatu. La kwanza: je, idara ya afya imeiomba bodi ya uajiri ya kaunti muuguzi wa zahanati hii, na kama haijaomba, ni kwa nini? La pili: je, kituo kimesajiliwa na kupewa leseni? La tatu: je, kina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya? Hili la tatu lina pesa ndani yake. Zahanati ni ngazi ya pili. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, matibabu ya ngazi ya pili na ya tatu yanatakiwa yalipiwe na mfuko wa afya ya msingi wa serikali kuu, mgonjwa asitoe kitu. Lakini mfuko huo haulipi kuta. Hulipa kituo chenye leseni, mkataba na mtu wa kuhudumia. Kila mwezi kufuli lile linaponing'inia, kuna pesa za taifa ambazo wadi yenu inazikosa, na hoja hiyo humgusa hata afisa asiyejali uchungu wa mtu, kwa kuwa ni hoja ya mapato.

Kuna na sheria ya 2023 iliyoziruhusu hospitali na zahanati za umma kubaki na fedha zinazozipata badala ya kuzipeleka kwenye akaunti kuu ya kaunti. Fedha hizo husimamiwa na kamati ya kituo, na wakazi wana nafasi humo. Ukiniuliza kiti cha kwanza ninachokutakia maishani, ni hicho. Kamati ya zahanati haina gari wala king'ora, ila mwenye kukaa humo kwa miaka miwili, akisoma stakabadhi za dawa na kuuliza kwa nini katoni zilizoandikwa ni kumi na zilizoshuka ni saba, huwa ameijua serikali ya kaunti kuliko wengi wanaoigombania kwa mabango.

Yale mengine uliyotaja nayapitia haraka. Polisi si wa kaunti, hata kidogo. Malalamiko yao yana mamlaka yake, IPOA. Chifu na naibu wake nao ni wa serikali kuu, kwa hiyo barazani kwake unaweza kutangaza jambo lakini hawezi kukupa muuguzi. Barabara zipo za kaunti na zipo za taifa. Uliza hiyo yenu ni ya nani kabla ya kumlaumu mtu. Basari ndiyo fujo kabisa: mbunge ana ya mfuko wa maendeleo wa eneobunge, NG-CDF, mwakilishi wa wanawake ana ya hazina yake, na kaunti nyingi zimeanzisha yao ingawa shule za upili na vyuo vikuu si jukumu lao kikatiba. Yaache yote hayo kwanza. Shika zahanati peke yake, kwa sababu hiyo ni ya kaunti bila ubishi: afya ya msingi imo kwenye Jedwali la Nne la Katiba, upande wa kaunti. Ukienda na kilio cha mambo manne utajibiwa lile rahisi, uambiwe umesaidiwa.

Sasa karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaweka utaratibu. Unaomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, huna haja ya kueleza unaitakia nini, na unatakiwa ujibiwe ndani ya siku 21. Kuomba hakulipiwi, unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu. Andika hivi, kwa mkono wako ukitaka:

*Kwa Katibu wa Kaunti ya Kilifi. Nakala: Afisa Mkuu, Idara ya Afya.*

*Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya (jina). Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu Zahanati ya (jina): mkataba wa ujenzi pamoja na gharama yake, cheti cha kukamilika kwa jengo, idadi na vyeo vya wahudumu walioidhinishwa kwa kituo hiki, barua yoyote ya idara ya kuomba wahudumu hao, na hali ya usajili, leseni na mkataba wa SHA wa kituo.*

*Ni mimi, (jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi, tarehe).*

Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokea, uondoke nayo. Bila muhuri hukuandika barua. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi waiitayo Ombudsman. Ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia sheria hiyo. Nakuhakikishia kwamba barua ya namna hii huwasumbua watu ofisini kuliko vijana ishirini wenye mabango, kwa sababu bango hukunjwa jioni, na barua yenye muhuri lazima mtu fulani aijibu au aeleze baadaye kwa nini hakuijibu.

Kuhusu soda na mia mbili. Sitakuambia usinywe. Umefunga kibanda, umetembea, jua ni la Kilifi. Ninachokuomba uogope ni ile karatasi ya mahudhurio. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti zikajifunza, lakini baadhi zimejifunza kukusanya sahihi kuliko kukusanya maoni. Jina lako likiwa pale, mbele ya jaji linasomeka kwamba ulishirikishwa. Kwa hiyo soma kichwa cha karatasi kabla ya kalamu kugusa. Kama ukurasa una sahihi tu na hauna kichwa, usitie yako. Na siku zote nenda na maoni yako yakiwa yameandikwa, uyakabidhi, ugongewe muhuri. Aliyekucheka anaweza kuizima sauti yako, karatasi hawezi kuizima.

Kwa kuwa walisoma kwa Kiingereza, safari ijayo inua mkono mwanzoni kabisa, kabla hata ya dua kupoa, uombe Kiswahili au lugha yenu ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba. Hapo utaona wazee wale wale wakikuunga mkono, kwa kuwa nao walikuwa hawaelewi na waliona haya kusema.

Haya, sasa tumzungumzie baba yako mdogo. Najua hapa ndipo panapokuuma.

Anza kwa kumwelewa. Mwakilishi wadi kisheria hajengi zahanati wala haajiri muuguzi. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kuwawakilisha, na kumchunguza gavana na mawaziri wake. Lakini kuanzia alfajiri mlango wake umejaa watu: huyu karo, huyu jeneza, huyu betri ya pikipiki. Nyinyi wapigakura mnampima kwa anachotoa mfukoni, naye ameshajua kwamba swali zuri alilouliza bungeni Malindi halimpi kura moja, ila ng'ombe aliyemtoa hangani, kwenye matanga, humpa kura mia. Mtu aliyezoeshwa hivyo ukimvamia mbele ya watu na neno "uwajibikaji" atakuona umetumwa na mpinzani wake.

Nenda kwake nyumbani. Usiende ofisini, usimkamate mazishini, na kwenye kundi la WhatsApp la wadi usithubutu. Nenda na mama, au na shangazi mmoja mwenye heshima kwenye ukoo. Mwamkie, kaa, kunywa chai. Kisha mweleze jambo moja tu, zahanati, na umwachie karatasi yenye maswali matatu niliyokutajia. Mwambie hivi: "Baba, tunaomba haya uyaulize bungeni kwa niaba yetu. Ukiyauliza tutasema hadharani kwamba ni wewe." Kumbuka mwakilishi wadi anaweza kuitaka kamati ya afya ya bunge la kaunti itoe taarifa rasmi, na jibu likaingia kwenye kumbukumbu za bunge. Halimgharimu shilingi. Kwa mtu anayeombwa pesa kila asubuhi, hilo ni jambo la kufurahia, na huenda hakuna aliyewahi kumletea ombi la bure namna hii.

Sharti moja, tena zito. Kuanzia siku hiyo usimwombe chochote cha binafsi. Si karo ya mdogo wako, si kibarua cha binamu, si zabuni ya kushona sare za chekechea. Siku utakayopokea zabuni ya sare, barua yako ya zahanati itakuwa imeshajibiwa.

Akikataa, au akikuzungusha wiki baada ya wiki, mwambie mapema utakachofanya ili asije akasema umemchimbia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi rasmi. Ombi hupelekwa kwa karani wa bunge, kwa lugha ya adabu, likieleza tatizo, hatua mlizokwisha kuchukua na majibu mliyopata, kama jambo liko mahakamani au haliko, na mwishoni mnaomba nini hasa. Chini yanafuata majina, namba za vitambulisho na sahihi, au dole gumba kwa asiyeandika. Hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapokuwa dhahabu, kwa maana mnaonyesha mlianza kwa upole. Mheshimu kama baba, mwandikie kama mheshimiwa.

Na mama? Amekutajia mume, lakini sidhani kama ndicho kinachomkosesha usingizi. Mjane anayekaa kwenye mji wa ukoo wa mumewe anajua kwamba siku ya msiba au ya ugonjwa atawahitaji watu hao hao. Anaogopa kutengwa. Hofu hiyo ina akili, usiidharau kwa sababu wewe umeonja Mombasa. Ijibu kwa vitendo: michango ya hangani usikose hata mmoja, kupika na kufagia msibani uwe wa kwanza, akina shangazi wajue unakwenda wapi na kwa nini. Mtu anayeonekana kwenye majonzi ya wenzake ni vigumu kumwita mchochezi. Tena mwombe mama mwenyewe aje kikao cha Januari. Yeye amewaona wajukuu wa kijiji wakizaliwa njiani. Akisimama mtu wa umri wake, ukumbi hausemi kwamba anatafuta uwakilishi wadi.

Peke yako hutafika. Tafuta wenzako wanne watano wenye sababu yao: mhamasishaji wa afya wa kijiji, anayezunguka nyumba kwa nyumba na anajua nani alijifungulia wapi, mwendesha bodaboda anayebeba wajawazito usiku, mwalimu aliyestaafu, wa kusoma hesabu, mtu wa kanisani na mtu wa msikitini. Msijipe jina kubwa wala cheti. Wengi huanza na mwenyekiti, mhazini na fulana, na kufikia kikao cha pili wanagombania fulana.

Watu husifu sana Makueni, na kweli kuna la kuiga kule. Chini ya gavana wao wa kwanza, Kivutha Kibwana, walijenga kamati za maendeleo kuanzia kijijini kupanda hadi kaunti, na wakaweka kamati za wakazi za kusimamia mradi, ambazo zilitakiwa kuridhika na kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Ila wanaosimulia huruka mwanzo wake. Miaka ya kwanza gavana na wawakilishi wadi walizozana juu ya bajeti mpaka likapelekwa ombi la kuivunja kaunti nzima. Tume iliyoundwa kuchunguza ilipendekeza ivunjwe, na ni Rais Uhuru Kenyatta aliyekataa, mwaka 2015. Utaratibu ule ulijengwa katikati ya ugomvi. Nakutajia hili ili mkianza kuzozana, kama mtakavyozozana, msidhani mmeshindwa.

Mtakapozoea, someni na ripoti za watu wawili. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, hutoa kila robo mwaka ripoti ya namna kila kaunti ilivyotumia fedha. Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, hutoa ya kila mwaka. Ziko wazi kwenye tovuti za ofisi zao. Tafuteni ukurasa wa Kilifi, sehemu ya afya, mwone kilichotengwa na kilichotumika. Mara nyingi mtakuta pesa zilikuwepo kwenye karatasi na hazikutoka, na swali lenu litabadilika kutoka "tupeni" hadi "zilikwama wapi". Mkikuta harufu ya wizi kabisa, msiipeleke kikaoni wala mitandaoni. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, inapokea taarifa bila mtu kutaja jina lake. Ushujaa mlioonyesha Juni mmekwisha kuuonyesha. Hapa nataka mzeeke.

Sasa chama na 2027. Chama si dhambi, lakini ukijiunga leo kila unalosema la zahanati litasikika kama la chama hicho. Ningesubiri. Tena kabla hujajiunga popote, angalia kama hujajiungishwa tayari: mwaka 2021, Msajili wa Vyama alipowezesha watu kuangalia uanachama wao kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama wasivyovijua. Kujitoa unajitoa hapo hapo.

Usinijibu sasa kama utasimama. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukitaka uwakilishi wadi kama mgombea huru, Katiba inataka uungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi yenyewe, na uwe hujawa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Kuna na viti maalumu, vya kuhakikisha jinsia moja haizidi thuluthi mbili ya bunge la kaunti, lakini hivyo hugawiwa vyama kwa orodha zao, na kupanda orodha hizo aghalabu ni kujuana; sikushauri uanzie mlango huo. Kama ikifika mwishoni mwa 2026 watu wa vijiji vitatu vinne vya jirani wanakuletea barua zao uwasaidie kuziandika, niandikie tena tujadili. Kama ni kijiji chenu peke yake kinachokujua, kura za ukoo utagawana na baba yako mdogo, na nyote wawili mtakosa.

Jambo dogo la mwisho, na wengi mliorudi nyumbani hamlikumbuki. Ulijiandikishia wapi kura? Kama jina lako bado liko kituo cha Mombasa, huku Kilifi huna kura wala sahihi yako haiwezi kuhesabiwa kwenye zile 500 za mtu yeyote. Uhamisho unafanywa kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge unakoishi, unakwenda na kitambulisho, na uchaguzi unapokaribia shughuli hiyo husimamishwa. Nenda wiki hii, na wale wenzako wanne watano uende nao.